Acha Thelathini na Mbili

Mjomba wangu si mtu wa maneno mengi. Kwetu Likasi, Kongo, mjomba ni Yomba, na mtoto wa dada yake ni Mwipwa. Ndivyo tulivyoitana tangu nikiwa mdogo, na ndivyo tunavyoitana mpaka leo, yeye akiwa mzee wa mvi na mimi nikiwa baba wa watoto wanne. Aliponifundisha kurusha vishale hakunieleza namna ya kusimama wala ya kushika. Hayo aliniacha niyaokote mwenyewe kwa kumtazama. Alichonifundisha kwa mdomo ni neno moja, na alilirudia kila nilipokaribia kumaliza mchezo, kishale kikiwa mkononi na tamaa imenijaa machoni: "Mwipwa, acha thelathini na mbili."

Ubao wake aliupata Kitwe, upande wa Zambia, miaka ile alipokuwa akivuka mpaka wa Kasumbalesa kufuata unga wa mahindi. Kule waliutumia kwenye kilabu cha wafanyakazi wa mgodi, wakanunua mpya, huu wa zamani wakamwachia kwa bei ya gunia moja. Mtaani kwetu walioutambua waliuita fleshete, kwa Kifaransa. Neno vishale nilikuja kulisikia baadaye kwa madereva wa Tanzania. Yomba aliutundika barazani kwake mtaa wa Panda, kwenye moja ya zile nyumba za matofali za wafanyakazi zilizopangwa safu kwa safu. Akapima kwa kamba: kutoka sakafuni hadi kitovu cha ubao mita 1.73, na kutoka ubaoni hadi mstari wa kusimamia mita 2.37. Mstari wenyewe aliuchora kwa kipande cha makaa. Kila Jumamosi mkewe alipodeki, mstari ulifutika, naye aliichukua kamba yake na kupima upya.

Asiyeujua mchezo huu ajue hivi. Kila mmoja anaanza na 501. Unarusha vishale vitatu, ulichopata kinatolewa kwenye hesabu yako, kisha zamu inakwenda kwa mwenzako. Anayefika sifuri kwanza ndiye mshindi, lakini kishale cha mwisho lazima kiingie kwenye dabo, ile pete nyembamba ya ukingoni inayozidisha namba mara mbili. Upana wake ni milimita 8. Tena lazima ufike sifuri kamili. Ukizidisha, au ukabakiza 1, zamu yako yote inafutwa na unarudi pale ulipokuwa.

Namba nazo hazifuatani. 20, ambayo kila mtu anaitaka kwa kuwa pete yake ya mara tatu inatoa 60, imewekwa katikati ya 1 na 5. Mkono ukitikisika kidogo tu, aliyetaka 60 anaondoka na 1. 19 imebanwa na 3 na 7. Nimeutazama ubao wa vishale zaidi ya miaka thelathini na bado nastaajabu jinsi adhabu ilivyowekwa mlango mmoja na zawadi.

Sasa ikibaki 32, unatafuta dabo ya 16. Ukikosa kwa ndani ukapata 16 ya kawaida, inabaki 16, na hapo unatafuta dabo ya 8. Ukikosa tena kwa ndani inabaki 8, dabo ya 4. Kisha 4, dabo ya 2. Kisha 2, dabo ya 1. Hata ukiteleza pembeni ukaangukia 8, jirani yake, inabaki 24, nayo ina dabo yake ya 12. Chukua 38 uone tofauti: unatafuta dabo ya 19, unakosa kwa ndani, inabaki 19, namba witiri, na namba witiri haina dabo. Itabidi utumie kishale kizima kurekebisha kabla hujathubutu tena kumaliza, na huenda mwenzako hatakusubiri. Wachezaji wakubwa wa dunia wanalijua hili kama wanavyojua majina yao. Yomba alilijua barazani Panda, na alipenda kusema 32 ni namba yenye huruma.

Kuna jambo la pili ambalo yeye hakulisema, nikaligundua kwenye kile kibao cha chaki tulichoandikia hesabu. Chaki haiandiki ulichopata. Inaandika kilichobaki. Ukirusha 180, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwa vishale vitatu, watu wakapiga kelele na kukupa mkono, mwandishi anafuta 501 na kuandika 321. Kelele imekwisha, na mbele yako ipo namba ya kufanyia kazi. Ukirusha vibaya nako, hakuna anayeandika ulichokosa.

Baba yangu alihesabu kinyume na chaki hiyo. Alifanya kazi katika kiwanda cha kampuni ya migodi miaka ishirini na sita. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ilipunguza watu, akapewa barua na fedha zilizokwisha kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Tangu hapo, kila jioni, baba alihesabu. Gunia la unga la kila mwezi. Dawa za bure. Karo ya watoto. Viatu vya kazi, jozi mbili kwa mwaka. Aliviorodhesha kwa mpangilio uleule, sauti ya chini, kama mtu anayesali. Simlaumu hata kidogo. Mtu aliyezaliwa kwenye nyumba ya kampuni, akasomeshwa na kampuni, akazikiwa wazazi na kampuni, angejifunzia wapi hesabu nyingine? Barabara nzima ya kwetu ilikuwa inahesabu hivyo jioni.

Siku moja alikuwa amekaa barazani kwa Yomba, akafika kwenye viatu, na Yomba, aliyekuwa anachomoa vishale ubaoni, akamuuliza bila kugeuka, "Shemeji, imebaki ngapi?"

Baba alinyamaza. Akainuka, akachukua kofia, akaenda nyumbani. Wiki nzima hakuja. Nami nilimkasirikia Yomba, nikaona amemdhihaki mkubwa wake katika shida. Leo naamini lilikuwa swali la kweli, na lilikuwa na jibu. Baba alikuwa fundi aliyeweza kusikiliza pampu ikinguruma na kusema ni beringi gani inayokufa. Kulikuwa na shamba la mama njia ya Kambove. Tulikuwepo sisi, vijana watatu wenye nguvu. Hayo yote yalikuwa hesabuni na hayakupata kuandikwa. Baba alifariki bado anahesabu viatu.

Desemba 2025 nilimpelekea Yomba simu yangu ili atazame mechi. Macho yake yana mtoto wa jicho sasa, kioo cha simu anakiona kama taa ndani ya ukungu, kwa hiyo ilibidi nimsomee. Ilikuwa marudio ya mashindano ya dunia ya PDC, shirika la vishale vya kulipwa, yale yanayochezwa kila mwisho wa mwaka katika jumba la Alexandra Palace, London. Safari hii walikusanywa wachezaji 128, na bingwa alitengewa pauni milioni 1. Mmoja wa hao 128 alikuwa David Munyua, daktari wa mifugo kutoka Kenya, aliyepitia mchujo wa Afrika, Mkenya wa kwanza kufika pale. Mpinzani wake wa raundi ya kwanza alikuwa Mike De Decker wa Ubelgiji, aliyekuwa ametwaa taji la World Grand Prix mwaka 2024 kwa kumshinda Luke Humphries wa Uingereza kwenye fainali.

Yomba alizaliwa mji huu ukiitwa Jadotville, jina la Mbelgiji, na jina hilo lilidumu mpaka 1966. Niliposema "Mbelgiji" aliinua kichwa kidogo, akakirudisha. Nikaendelea kusoma. Raundi ya kwanza anayefikisha seti tatu ndiye anayepita. De Decker akachukua ya kwanza. Akachukua na ya pili.

"Imebaki ngapi?" Yomba akauliza.

"Moja kwa Mbelgiji. Kwa Mkenya tatu."

"Basi arushe."

Kila zamu alitaka namba. Hakutaka nimweleze sura za watu wala kelele za ukumbi, na ukumbi ule una kelele kweli, watu wamevaa mavazi ya ajabu, wanaimba mechi nzima. Alitaka kujua kilichobaki kwa huyu na kilichobaki kwa yule. Munyua akachukua seti ya tatu. Akachukua ya nne. Akachukua ya tano, 3 kwa 2, na mtu ambaye kazi yake ni kutibu ng'ombe akawa amemtoa mmoja wa wachezaji waliopangiwa kufika mbali. Mimi nilipiga kelele hadi jirani akachungulia uani. Yomba alikuwa ametulia, vidole vyake vimekunjwa kama vimeshika kishale.

Raundi iliyofuata Munyua alikutana na Kevin Doets wa Uholanzi, akafungwa seti 3 kwa 0. Nilimsomea na hiyo. Ilikwenda haraka.

"Ulisema kazi yake ni ng'ombe?"

"Ndiyo, Yomba. Daktari wa mifugo."

"Vizuri," akasema. "Ameacha thelathini na mbili."

Nimeichukua sentensi hiyo nikatembea nayo miezi. Kijana akitaka jambo kubwa huku kwetu, tunamshauri atupe kila kitu nyuma yake ili asipate pa kurudi. Tunaliita ushujaa. Yomba anaona kinyume, na nimekuwa upande wake. Kazi ya mikono, cheti, shamba, neno zuri ulilomwachia jirani, hivyo ndivyo vinavyomwezesha mtu kurusha kwa mkono mlegevu. Mwenye pa kuangukia hutetemeka kidogo kuliko asiye na pa kuangukia, na kwenye pete ya milimita 8 kidogo hicho ndicho mchezo mzima.

PDC hao hao wana mfululizo mwingine, World Series of Darts, ulioanza 2013 huko Dubai na kuzunguka mabara. Bahrain iliingia 2023. Kwa kawaida huitwa mastaa 8, halafu hutafutwa wachezaji 8 wa ukanda ule, wengi wao kwa mchujo. Usiku wa kwanza kila staa anakabidhiwa mmoja wa wale wengine. Nisidanganye: wengi wa ukanda hutolewa usiku huo huo, na asubuhi wanarudi kwenye ofisi na karakana zao. Hata hivyo mpango huu naupenda kuliko mipango mingi ninayoiona duniani, kwa sababu kuna mlango, na masharti ya kuupita yamebandikwa ukutani kila mtu ayasome. Sisi wa miji ya migodi tumelelewa kusubiri kualikwa. Tunavaa vizuri, tunakaa karibu na lango, tunasubiri jina lisomwe. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye malango hayo na bahasha ya vyeti kwapani. Lakini hata staa anayeletewa tiketi nyumbani alianza kwenye mchujo fulani, kwenye kilabu fulani, akiandika hesabu yake kwa chaki. Devon Petersen wa Afrika Kusini alipita njia ndefu hiyo mpaka Septemba 2020, alipoibuka Mwafrika wa kwanza kutwaa taji la Ziara ya Ulaya ya PDC, kule Ujerumani.

Bahrain hiyo hiyo ndiko kulikotokea jambo ninalowasimulia wanangu. Januari 2024, Luke Littler, Mwingereza wa miaka 16, alicheza fainali ya dunia dhidi ya Humphries. Aliongoza seti 4 kwa 2, akapata nafasi ya kwenda 5 kwa 2. Alihitaji dabo ya 2. Akaikosa. Humphries akageuza kibao na kushinda 7 kwa 4. Mtoto wa miaka 16 amekosa dabo moja mbele ya dunia nzima, na kila anayemkuta njiani atamkumbusha. Baada ya wiki mbili hivi akawa Bahrain, miongoni mwa mastaa walioalikwa. Dhidi ya Nathan Aspinall akamaliza 501 kwa vishale 9, idadi ndogo kabisa inayowezekana. Kwenye fainali akamshinda Michael van Gerwen 8 kwa 5. Januari 2025, akiwa na miaka 17, alikuwa bingwa wa dunia, na Januari 2026 tena. Ile dabo ya 2 hakuifuta mtu. Ilikaa nyuma ya namba mpya zilizoandikwa juu yake.

Ubao wenyewe nao una habari yake. Ule wa Kitwe niliuharibu mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimeachiwa nyumba, mvua ya Novemba ikaja ya upepo na baraza lilikuwa wazi upande. Nilikuwa chumbani nasikiliza redio. Nilipotoka, ubao ulikuwa umelowa na upande wa 20 umevimba kama shavu la mgonjwa wa jino. Ubao wa vishale hautengenezwi kwa mbao. Ni nyuzi za mkonge, mafungu kwa mafungu, zimesimamishwa wima na kubanwa kwa chuma. Kishale hakitoboi uzi, kinapenya katikati ya nyuzi na kuzisukuma, na ukikichomoa zinarudiana taratibu mpaka tundu linafumba. Ukitulia karibu utaliona likifumba. Lakini zikinywa maji zinavimba, na hazirudi tena zilivyokuwa.

Nilisubiri kipigo. Yomba aliupapasa ule uvimbe, akaacha ubao ukauke kivulini siku nne. Halafu akafungua ile pete ya waya yenye namba, akaizungusha na kuifunga tena. Uvimbe uliokuwa 20 ukawa 3, namba ambayo hakuna anayeitafuta. 20 ikakaa mahali papya, nyuzi zimejaa. Tuliucheza ubao ule miaka kumi na moja zaidi.

Ubao nilio nao mimi sasa niliununua Ndola, wa Winmau, na nyuma yake pameandikwa kwamba umetengenezwa Kenya. Ni chapa ile ile inayotundikwa jukwaani Alexandra Palace. Kwa hiyo siku ile Munyua aliposimama kwenye mstari London, kilichokuwa kikimtazama ukutani kilitoka nyumbani kwake. Na mkonge ulivyofika Afrika Mashariki nao ni habari ya hesabu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg. Ilipofika Tanga, iliyokuwa hai ilikuwa 62. Akaipanda hiyo 62. Kutoka hapo Tanganyika ikaja kuongoza dunia kwa mkonge. Ardhi ile ilipata kulimwa kwa jasho na machozi ya vibarua wengi, na hilo lisisahaulike. Lakini ninapokichomoa kishale na kuona tundu linafumba, huwa naiwaza ile asubuhi ya bandarini, mtu amefungua masanduku, 938 imekauka, na 62 ina kijani.

Pamoja na mafundisho yote hayo, mwaka 2018 nilifanya kosa ambalo Yomba alinikataza tangu utotoni. Kobalti ilikuwa imepanda karibu dola 95,000 kwa tani kwenye soko la dunia, na Likasi yote ilikuwa ikikimbia na magunia. Nilichukua akiba ya kiwanja, nikachukua fedha za mama, nikakopa na kwa rafiki. Nikanunua kwa wachimbaji, nikaweka ghalani nikisubiri ipande zaidi. Mwaka uliofuata bei ilikuwa chini ya nusu. Nilikuwa nimerusha vishale vyote vitatu kutafuta mwisho mmoja mkubwa, na sikuacha kitu ambacho ningekosea na bado nikasimama. Ubao ni mpole kuliko maisha: ukizidisha, unakurudisha ulipokuwa. Mimi nilirudishwa mbali zaidi ya pale, na deni la rafiki nilimaliza kulilipa juzi tu.

Usiku nilipokwenda kumwambia Yomba, nilianza kuhesabu. Kiwanja. Fedha za mama. Nikajisikia sauti yangu, ya chini, kwa mpangilio, na nikaitambua ilikotoka. Nikanyamaza. Yomba hakuniuliza swali lake. Alinisogezea sahani ya bukari na sombe, tukala kimya, na kesho yake nilirudi darasani kufundisha hesabu, kazi niliyokuwa karibu kuiacha.

Jumapili zote sasa Yomba anakaa barazani kwangu, kiti kimeegemea ukuta. Haoni ubao. Anausikia: kishale kikigonga waya kina mlio wake, kikizama kwenye mkonge kina wake. Binti yangu wa mwisho, wa miaka tisa, ndiye anayesimama zaidi kwenye mstari wa makaa. Jumapili iliyopita alikuwa amekaribia kumaliza, ndugu zake wote wamekwisha kumzunguka wakimhimiza.

"Imebaki ngapi?" Yomba akauliza.

"Arobaini na nane, Babu."

"Una vishale vingapi?"

"Viwili."

Hakuongeza neno. Kaka yake alikuwa anamwonyesha kwa kidole dabo ya 24, ambayo haipo ubaoni, na wa pili anacheka. Mtoto aliutazama ubao kwa muda. Akashusha mkono kidogo, akarusha kwenye 16 ya kawaida, ile sehemu pana ya chini ambayo hata mkono mdogo unaifikia. Kishale kikazama. Nikafuta 48 kwa kiganja na kuchukua chaki, lakini kabla sijaandika Yomba alikuwa amekwisha kuitaja.